Klimatizeri haiwaki: anzia kwenye kurani (umeme), acha gesi

Joto la Septemba na Oktoba, kabla mvua haijashuka Lubumbashi, ndipo watu hubonyeza telekomandi na mashine inanyamaza. Fundi anakuja, anasema gesi imeisha, anadai pesa. Gesi ikipungua, mashine huwaka na ventilateri huzunguka, ila hewa haipoi. Isiyowaka kabisa ina tatizo la umeme au la amri.

Kama kurani imerudi sasa hivi baada ya delestaji (mgao wa umeme), ngoja dakika 3. Kompresa, pampu inayosukuma gesi, hucheleweshwa makusudi ili shinikizo la gesi lisawazike. Kubonyeza-bonyeza hakusaidii kitu.

Elekeza telekomandi kwenye kamera ya mbele ya simu, ubonyeze. Nuru ya zambarau ikimetameta kwenye kioo, inatuma; isipoonekana, badilisha betri. Bado kimya? Fungua mfuniko wa mashine ya ndani, kuna kitufe kidogo cha dharura. Ikiwaka kwa kitufe hicho, kosa ni la telekomandi au la jicho linaloipokea. Tazama pia alama kwenye telekomandi iwe ya theluji, yaani kupoza. Asubuhi ya Juni chumba kina nyuzi 19, wewe umeweka 24: kompresa haitaanza, na wala si mbovu.

Disjonkteri, swichi inayojikata yenyewe, ikiwa imeanguka, inua mara moja tu. Ikianguka papo hapo, nyaya zinagusana mahali. Usiweke kubwa zaidi. Utaunguza waya ukutani. Mashine ya BTU 12,000 hula takribani ampea 5, kwa hiyo disjonkteri ya 16 na waya wa milimita mraba 2.5 vinaitosha.

Sasa volti, maana hapa ndipo wengi wanapokwama. Weka multimeta kwenye volti za AC, upime kompresa inapojaribu kuanza, si kabla. Prizi (soketi) inaweza kusoma 215 ikiwa imetulia, halafu ikashuka hadi 165 kompresa ikivuta. Hapo kompresa inanguruma bila kuzunguka, kisha inakatika. Kama volti zimeshuka nyumba nzima, ni jioni na mtaa mzima unapika kwa umeme: regulateri (kisawazisha volti) yenye kuchelewesha kuwasha itasaidia. Ikishuka kwenye prizi hiyo peke yake, kaza viungo, tafuta waya mwembamba au uliobadilika rangi.

Volti ni nzuri lakini mngurumo upo? Shuku kondansateri ya mashine ya nje, ile kopo ya aluminiamu inayohifadhi chaji ya kuanzisha kompresa. Kichwa kikiwa kimevimba au mafuta yanavuja, imekufa. Zima disjonkteri, kisha itoe chaji kwa kugusisha ncha zake mbili kupitia balbu ya kawaida ya 220, ile ya waya ndani, si LED. Inaweza kukurusha hata kurani ikiwa imekatwa. Iliyoandikwa 35 µF (mikrofaradi) ikisoma 28 kwenye multimeta, badilisha kwa 35 ileile, volti 450. Usiridhike na “inayokaribiana”.

Mashine ya ndani ikiwa haina hata taa, tazama fizibo (fyuzi) ya kioo kwenye kadi ya elektroniki, mara nyingi ampea 3.15. Kando yake kuna kidude cha duara, bapa, mara nyingi cha buluu, kinachomeza mshtuko kurani inaporudi kwa nguvu. Kikiwa cheusi au kimepasuka, kibadilishwe pamoja na fizibo, la sivyo mpya itaungua sekunde ileile. Angalia na mijusi: hupenda joto la kadi, na mmoja aliyekaukia juu yake anatosha kuizima.