Kizunguzungu Kisichoisha Baada ya Kugonga Kichwa: Namna ya Kutafuta Tiba Mpya Ukiwa Uingereza

Kwa miaka kadhaa nimekuwa mkalimani wa Kiswahili katika zahanati na hospitali za Uingereza, na hakuna neno lililonisumbua kama kizunguzungu. Mtu ameteleza kwenye barafu akagonga kisogo, au alipata ajali ya bodaboda kabla hajasafiri. Anafika kwa daktari miezi mitatu baadaye na kusema ana kizunguzungu na kichwa kinamuuma, basi. Daktari huandika hayo mawili, humpa dawa ya maumivu, na kumwambia ubongo unahitaji muda. Hakuna aliyesema uongo, lakini mgonjwa hutoka kama alivyoingia, kwa sababu neno hilo moja limebeba maradhi kadhaa, na kila moja lina tiba yake.

Kuna dalili ambazo hazingoji miadi. Kichwa kinachozidi kuuma siku hadi siku, kutapika mara kwa mara, degedege, udhaifu wa mkono au mguu, kuchanganyikiwa, usingizi mzito usioamshika, au maji maangavu yanayotoka puani au sikioni baada ya kuumia: piga 999, namba ya dharura, mara moja. Mzee, hasa anayetumia dawa za kuzuia damu kuganda, anaweza kuvuja damu polepole juu ya ubongo na dalili zikajitokeza wiki kadhaa baada ya pigo ambalo familia imekwisha kulisahau. Akianza kuyumba au kubadilika tabia, mtajieni daktari anguko hilo hata kama lilionekana dogo.

Kwa kawaida dalili za mtikisiko wa ubongo hupungua ndani ya wiki mbili kwa mtu mzima na takriban wiki nne kwa mtoto. Zikivuka mwezi mmoja, inafaa urudi kwa daktari upimwe upya. Wala usikubali kuambiwa, na mtu yeyote, kwamba huna kitu kwa kuwa picha ya CT ilitoka safi: picha hiyo hutafuta hasa damu iliyovuja na mfupa uliovunjika, na haionyeshi kama shingo, macho na sikio la ndani vinafanya kazi kwa kupatana.

Kazi kubwa ya mgonjwa, basi, ni kulivunja lile neno kabla hajaingia chumba cha daktari. Je, ni vitu vinavyozunguka mbele yako, au ni wewe unayeyumba kama uliye kwenye mashua, au ni macho yanayoingia giza unaposimama ghafla? Hutokea ukifanya nini, na hudumu kwa muda gani? Mama mmoja niliyemkalimania alikuwa amesema kizunguzungu kwa nusu mwaka, mpaka mtaalamu wa fiziotherapia alipomuuliza swali hilo la mwisho. Akajibu: “Nikigeukia kulia kitandani, dari inazunguka. Nikihesabu mpaka ishirini, inatulia.” Mtaalamu alimketisha kitandani, akakigeuza kichwa chake kulia, akamlaza chali kwa haraka kichwa kikining'inia kidogo ukingoni, na sote tukaona macho ya mama yakianza kuchezacheza yenyewe. Pigo la kichwa lilikuwa limezing'oa chembechembe ndogo za chokaa ndani ya sikio, zikaingia kwenye mrija usio wake. Papo hapo akamgeuza kichwa hatua kwa hatua, kila hatua akingoja kama nusu dakika, kwa utaratibu unaoitwa wa Epley. Haikuhitajika dawa yoyote. Wapo wanaohitaji kurudiwa mara mbili au tatu, lakini kinachoniumiza ni ile miezi sita.

Anayeyumba muda wote hufundishwa mazoezi ya mizani ya mwili, ambayo kwa siku za mwanzo huweza kuzidisha dalili kidogo kabla ya kuzipunguza. Anayechoshwa na kusoma, au anayeona herufi zikigawanyika mara mbili, aombe macho yapimwe namna yanavyoelekea pamoja kwenye kitu cha karibu. Si lazima iwe miwani ndiyo iliyoharibika.

Kichwa nacho husema kwa namna zake. Maumivu yanayoanzia shingoni na kupanda yanataka shingo itibiwe. Yanayopwita upande mmoja na kukufanya uchukie mwanga na kelele yanafanana na kipandauso, ambacho kina dawa zake maalumu. Hapa niseme jambo ambalo watu wetu wengi hawaambiwi: parasetamoli au ibuprofeni ikitumika siku 15 au zaidi kwa mwezi, kwa miezi mitatu au zaidi, inaweza yenyewe kuwa chanzo cha maumivu ya kichwa, na kwa dawa zenye kodini, dawa ya maumivu ya jamii ya afyuni, kiwango ni siku 10. Hesabu siku zako kwa ukweli na umweleze daktari. Usiziache dawa za kodini ghafla bila ushauri wake.

Uchovu usioeleweka, hedhi iliyokatika au nguvu za kiume zilizopotea tangu ajali ni mambo ambayo Waswahili tunaona haya kuyataja, hasa mbele ya mkalimani wa jinsia nyingine. Yataje, au omba mkalimani mwingine. Pigo la kichwa linaweza kuathiri tezi ya pituitari, iliyo chini ya ubongo na inayoongoza homoni za mwili, na upungufu wa homoni hupimwa kwa damu na kutibiwa. Vivyo hivyo kukosa usingizi, hasira za ghafla na huzuni: vina tiba, na kuvitibu hupunguza hata maumivu na usahaulifu. Kuvisema si kujiita mwendawazimu.

Katika tiba ambazo zimebadilika zaidi, ya kwanza ni mazoezi. Zamani mgonjwa alifungiwa chumbani gizani kwa majuma. Sasa hushauriwa kupumzika siku moja au mbili tu, kisha aanze kutembea taratibu. Katika chuo kikuu cha Buffalo, jimbo la New York, watafiti John Leddy na Barry Willer walitengeneza kipimo cha kutembea juu ya mashine huku mapigo ya moyo yakihesabiwa mpaka dalili zianze kuzidi. Mgonjwa hupewa mazoezi ya kila siku yaliyo chini ya kiwango hicho, mara nyingi asilimia 80 hadi 90 yake. Muulize mtaalamu wako kama anaweza kukupangia kwa njia hiyo.

Utakutana pia na matangazo ya chumba cha oksijeni ya shinikizo na sindano za seli shina. Majaribio ya jeshi la Marekani yaliyolinganisha oksijeni hiyo na tiba ya kuigiza, kwa askari wenye dalili za muda mrefu za mtikisiko, hayakuonyesha kwamba iliishinda. Seli shina hazijathibitishwa kwa tatizo hili. Usiuze kiwanja cha nyumbani kwa ajili yake. Ukitaka kujiunga na utafiti halali, utapewa maelezo ya maandishi, utaruhusiwa kujitoa wakati wowote, na kwa kawaida hutatozwa fedha.

Mlango wa kuingilia ni daktari wa familia, yule ambaye huku kila mtu humwita GP. Nchini England kujiandikisha kwake na kumwona ni bure, hata kwa asiye na hati ya makazi; huduma za hospitali zinazopangwa kwa miadi ndizo zinazoweza kutozwa kwa asiye mkaazi, au kwa ambaye hakulipia ada ya afya wakati wa viza, hivyo uliza gharama mapema. Unapopanga miadi, mwambie mhudumu wa mapokezi unahitaji mkalimani wa Kiswahili na muda mrefu zaidi. Mkalimani hulipiwa na NHS, yaani huduma ya afya ya taifa. Usimpe mtoto wako kazi hiyo, kwani atazificha zile dalili zinazomtisha. Beba ukurasa mmoja wenye tarehe ya kuumia, dalili tatu zinazokusumbua zaidi, na dawa unazotumia pamoja na za mitishamba. Kama ulitibiwa nyumbani, tuma ndugu akakuchukulie muhtasari wa matibabu na picha zenyewe kwenye diski, kwa kuwa picha iliyopigwa kwa simu na kutumwa WhatsApp haimtoshi daktari bingwa. Kisha omba rufaa kwa jina la tatizo: mizani ya mwili, shingo, kichwa, kumbukumbu. Ukijibiwa kwamba haiwezekani, uliza sababu na uombe iandikwe kwenye faili lako.

Kazini, siku saba za kwanza za ugonjwa unajiandikia mwenyewe; baada ya hapo unahitaji cheti cha ugonjwa, kile ambacho Tanzania huitwa ED. Cheti hicho kinaweza kueleza kwamba unafaa kurudi kwa saa chache, au bila zamu za usiku. Hali ikidumu au ikitarajiwa kudumu miezi 12 na kukuzuia shughuli za kawaida, Sheria ya Usawa ya mwaka 2010 humtaka mwajiri afanye marekebisho yanayowezekana. Shirika la Headway, linalohudumia walioumia ubongo, lina laini ya simu ya ushauri na hutoa kadi ya utambulisho inayoeleza shida zako, kwa siku ile ambayo kelele za kituo cha treni zitakufanya ushindwe kujieleza.