Kupanda Mto Pangani kwa Kayaki: Namna ya Kupanga Safari ya Kuvua na Kulala Usiku Mmoja

Anayetaka kupanda Mto Pangani kwa kayaki, akavua, akalala usiku mmoja ukingoni na kurudi salama, asianze kwa kutafuta hema wala ndoana, bali aanze na kalenda ya mwezi mwandamo. Sehemu ya chini ya mto huu, kuanzia mdomoni penye mji wa Pangani, takriban kilomita 50 kusini mwa Tanga, hutawaliwa na bahari kuliko milima ya Kilimanjaro na Meru ambako maji yake hutoka. Bahari ikijaa, maji ya chumvi huingia mtoni, na ikipwa hutoka kwa kasi. Mpiga kafi, yaani kasia la kayaki, anayelipuuza jambo hilo huweza kutoka jasho saa nzima huku mnazi aliouona mwanzo ukiwa bado ubavuni pake.

Katika pwani hii bahari hujaa mara mbili na kupwa mara mbili kwa siku, kila kipindi kikichukua saa sita na dakika chache, na kila siku majira hayo huchelewa kwa takriban dakika 50. Wakati wa bamvua, yaani mwezi unapoandama na unapokuwa mpevu, maji hujaa kabisa karibu na saa kumi alfajiri na saa kumi jioni, na hupwa kabisa karibu na saa nne asubuhi na saa nne usiku. Wakati wa maji mafu, yaani mwezi unapokuwa nusu, mpangilio huo hugeuka, na tofauti kati ya maji makuu na madogo hupungua sana. Wengi huwashauri wageni waikwepe bamvua kwa sababu ya nguvu ya mkondo, na kwa anayetaka kucheza mdomoni mwa mto ushauri huo ni sahihi kabisa. Kwa safari ya kulala mtoni, hata hivyo, mimi huichagua bamvua bila kusita, hasa tarehe 14 hadi 16 za mwezi mwandamo. Katika siku hizo maji huanza kujaa asubuhi jua likiwa limekwisha kupanda, yakakuchukua mpaka alasiri, na upepo wa baharini unaovuma mchana hukusukuma mgongoni. Kesho yake maji huwa yanakupwa tangu alfajiri, kwa hiyo unateremka nayo kabla upepo haujaamka, na usiku wa katikati una mbalamwezi. Anayekwenda kwa siku moja tu na kurudi ajipangie tarehe 10 hadi 12, ambapo maji hujaa asubuhi yote na kugeuka karibu na adhuhuri, ila ajue kwamba wakati wa kurudi atakabiliana na upepo. Hayo ni makadirio ya mdomoni mwa mto. Saa kamili itafutwe katika majedwali ya kujaa na kupwa ya bandari ya Tanga, au aulizwe mvuvi yeyote dikoni, mahali pa kuegesha vyombo vya uvuvi, ambaye mara nyingi hana haja ya jedwali.

Msimu nao una neno lake. Miezi ya masika, kuanzia Machi hadi Mei, haifai, kwa kuwa mto hufurika, maji ya juu huyashinda yale ya bahari yanayoingia, na magogo huteremka yakiwa yamezama nusu. Kati ya Juni na Septemba kuna ukavu na baridi kidogo, lakini kusi, upepo wa kutoka kusini, huvuma kwa nguvu mchana. Kaskazi ya Januari na Februari, yaani majira ya upepo wa kaskazini, ina joto kali na maji yaliyotulia zaidi. Wanaotoka upande wa Bagamoyo huuliza kwa nini wasiende Mto Wami ulio karibu nao. Mto ule hufikia bahari ndani ya Hifadhi ya Taifa ya Saadani, una viboko wengi, na hifadhi ya taifa si mahali pa kuingia na mshipi wa kuvulia.

Ruhusa itafutwe kabla ya siku ya safari. Uvuvi nchini unaongozwa na Sheria ya Uvuvi Na. 22 ya mwaka 2003, kwa hiyo hata anayevua kwa kujifurahisha apite kwa afisa uvuvi wa wilaya, aeleze atavua wapi na kwa zana gani, na apate kibali kinachomhusu. Kwa mahali pa kulala, muone mwenyekiti au mtendaji wa kijiji, naye atakuelekeza kwa mwenye shamba. Kingo za mto huu zina wenyewe, na mgeni aliyepiga hodi hupata pia habari ambayo hakuna ramani inayoionyesha: mamba wanapenda kuota jua wapi.

Suala la mamba lichukuliwe kwa uzito, kwa sababu wamo na wamewahi kuua watu katika mto huu. Usiogelee, usitembee majini hata kwenye kina cha magotini, na usining'inize mkono au mguu nje ya kayaki. Usichote maji wala kuosha vyombo mahali palepale kila mara, kwa kuwa mamba huvizia mnyama au mtu mwenye mazoea. Samaki uliowapata usiwafunge kwa kamba ukawaacha wakiburutwa majini, bali watie ndani ya ndoo yenye mfuniko. Jua likikaribia kuzama, kayaki iwe imekwisha kupandishwa nchi kavu.

Kayaki inayofaa ni ile pana ya kukalia juu, yenye matundu ya kutoa maji, kwa sababu ikipinduka ni rahisi kuipanda tena. Baadhi ya hoteli za ufukweni hukodisha. Ukaguzi wa matundu, vifuniko na kafi ni wako. Jaketi okozi livaliwe muda wote likiwa limefungwa, lisifanywe mto wa kukalia. Chukua kafi ya akiba, filimbi, tochi, chandarua, na maji ya kunywa yasiyopungua lita 5 kwa kila mtu kwa siku, kwani maji ya mto huku chini yana chumvi na hayafai hata kupikia. Simu na kiberiti vikae katika mfuko usiopitisha maji. Kila kitu kifungwe kwa kamba kwenye kayaki, vizito vikae katikati na chini. Mwachie mtu wa mjini jina la kijiji utakakolala na saa utakayorudi.

Siku ya safari ingia majini kati ya saa nne na nusu na saa tano asubuhi, si mapema zaidi, kwa sababu ndani ya mto maji hugeuka baadaye kuliko baharini. Kata mbali na njia ya vyombo vinavyovusha watu kati ya Pangani na Bweni, na kwa hali yoyote usielekee upande wa bahari: penye mafungu ya mchanga, mkondo unaotoka ukikutana na upepo, mawimbi huwa mafupi na makali. Ukishaupita mji, kaa katikati ambako maji yanayojaa hukimbia zaidi. Mkondo ukianza kulegea, hamia upande wa ndani wa kila kona. Kwa mwendo wa kawaida kilomita 10 hadi 12 zinatosha; usitumie nguvu zote, kwani kazi ya kupiga hema bado inakungoja.

Hema lisimame juu ya mstari wa takataka na majani makavu ulioachwa na bamvua, kwenye ardhi iliyoinuka, angalau mita 50 kutoka majini. Katika mashamba ya minazi angalia juu kabla ya kuangalia chini, maana nazi au kuti likidondoka usiku halibagui. Kuni zisitoke kwenye mikoko, ambayo inalindwa na sheria; makumbi na vifuu vya nazi, ukimwomba mwenye shamba, huwaka vizuri, na moshi wa makumbi hufukuza mbu kiasi, ingawa haufuti haja ya chandarua.

Wakati bora wa kuvua ni ile nusu saa au zaidi ambapo maji yamejaa na hayajaanza kutoka. Tia nanga ndogo, na kamba yake ifungwe omo (mbele) au tezi (nyuma), kamwe isifungwe ubavuni, kwa sababu mkondo ukivuta kutoka ubavuni huipindua kayaki mara moja; fundo liwe la kufunguka kwa mvuto mmoja, na kisu kiwe karibu. Mshipi wa mkono wenye chubwi dogo, yaani risasi ya kuuzamisha, unatosha, na chambo cha kamba wa majini aliye mbichi hukubaliwa na samaki wengi. Usihangaike na mkizi hata ukimwona akiruka kila upande, kwani ni nadra kula ndoana. Atakayekujia mara nyingi ni hongwe, na hapo ndipo pa kuwa mwangalifu: ana miiba mitatu yenye sumu, mmoja mgongoni na miwili ubavuni. Mshike kwa koleo au kitambaa kizito, na ukichomwa tumbukiza sehemu hiyo katika maji ya moto unayoweza kuyavumilia kwa muda wa nusu saa au zaidi. Wadogo warudishwe. Wa kula wapasuliwe mbali na ukingo na mbali na hema, wapakwe chumvi, ndimu na pilipili, na wabanikwe juu ya makaa.

Asubuhi ondoka kunapopambazuka, mnamo saa kumi na mbili na nusu, baada ya kuzima moto kwa maji na kufungasha taka zote. Mtoni kupwa huchukua muda mrefu kuliko kujaa, kwa kuwa maji ya juu huongeza msukumo, kwa hiyo kafi hapa ni ya kuelekeza zaidi kuliko ya kusukuma. Shida iliyobaki ni kuukaribia mji: anza kusogea kwenye ukingo wa kaskazini mapema, kabla ya kuyaona majengo, ili mkondo usikupitishe ukakupeleka mdomoni. Teremkia mahali penye mchanga mgumu, maana tope linaloachwa na maji yakipwa humeza mguu hadi gotini, kisha mpigie simu yule uliyemwachia taarifa kabla ya kuanza kufungua mizigo.