Bastola ya mashindano: jinsi ya kujua kama shida ni mkono ama ni chuma

Kila siku ya mashindano kuna mtu anatoka kwa laini akisema bastola imemwangusha, na kuna mwingine bastola imemwangusha kweli lakini anajilaumu mwenyewe, anaenda nyumbani anaanza kubadilisha vile anashika. Shida yao ni moja, hawajui kosa limetoka wapi, na kama haujui limetoka wapi utabadilisha vitu vitano kwa mpigo na usijue ni gani imesaidia. Kwa hivyo huu mwongozo nimeupanga vile mimi huwapangia wageni wakiniuliza, kwanza unahakikisha chuma, yaani bastola yenyewe, halafu ndio unakuja kwa mkono. Ukianza na mkono na bastola haiko sawa utajizoesha kupigana na kitu ambacho kingeisha na springi mpya.

Nazungumzia sanasana bastola za 9mm, zile wengi wetu tunapiga nazo mechi za IDPA, yaani mashindano ya bastola za kujilinda, pale renji ya Kirigiti, Kiambu. Glock, CZ na ndugu zao. Kwa IDPA matokeo yako ni muda, na kila pointi unayopoteza inaongezewa sekunde moja. Duara la kifua lina upana wa inchi 8, ukiingiza humo hauongezewi kitu, ukitoka kidogo ni sekunde moja, ukitoka zaidi ni tatu, ukikosa shabaha kabisa ni tano. Sasa risasi ikwame utumie sekunde nne kuikwamua, taima haikungoji, hizo nne ni sawa na risasi nne zilizotoka nje ya duara. Mtu anafanya mazoezi miezi mizima kupunguza nusu sekunde ya kuchomoa bastola halafu anaenda mechi na magazini ambayo springi imechoka, hiyo huniuma sana kuona.

Kabla ya kugusa chochote

Toa magazini kwanza, halafu vuta slaidi, kile chuma cha juu kinachorudi nyuma, usianze na slaidi. Angalia chemba, pale risasi inapokaa nyuma ya mtutu, kwa macho, ingiza kidole uguse, kisha rudia. Risasi zote ziende chumba kingine, si droo ya hapo hapo mezani. Na kumbuka bastola Kenya ni ya leseni, kuna Sheria ya Silaha Sura ya 114 na kuna Bodi ya Leseni za Silaha, kwa hivyo kazi ya kupiga msasa triga ama kubadilisha vyuma vya ndani mpelekee fundi mwenye leseni. Sisi hapa tunachunguza, tunasafisha na tunafanya mazoezi.

Hatua ya 1: Kaunta buku na namba

Nunua kaunta buku, yoyote. Chukua kalamu ya rangi nyeupe uandike namba chini ya kila magazini, 1, 2, 3, mpaka ziishe. Kuanzia leo kila ukienda renji unaandika umepiga risasi ngapi, za aina gani, na ikikwama unaandika magazini namba ngapi, ilikuwa risasi ya kwanza, ya katikati ama ya mwisho, na ilikwama vipi. Watu huona hii ni kazi ya karani lakini bila hii kila kitu kinachofuata ni kubahatisha.

Hatua ya 2: Magazini

Hapa nitakaa kidogo kwa sababu hapa ndio shida nyingi ziko.

Fungua magazini zote, toa springi na kile kisahani kinachosukuma risasi, pangusa ndani na kitambaa kikavu. Usitie mafuta ndani ya magazini. Udongo wa Kiambu ni mwekundu na ni laini, Januari na Februari unapeperuka, Aprili unakuwa tope, na kila ukibadilisha magazini ile tupu inaanguka chini hapo hapo. Mafuta yakikutana na hilo vumbi yanakuwa uji wa wimbi, kisahani kinapanda polepole na risasi haifiki juu kwa wakati. Angalia ile midomo ya juu inayoshikilia risasi, linganisha magazini moja na nyingine, ikiwa moja imepanuka ama imepinda hiyo iwe ya mazoezi tu. Linganisha urefu wa springi pia, ile fupi kuliko wenzake ndio mshukiwa.

Sasa nenda renji ujaze kila moja mpaka juu, upige zote na risasi za aina moja, halafu usome dalili. Slaidi isipobaki wazi baada ya risasi ya mwisho na ni magazini moja tu inafanya hivyo, shida ni springi ama kisahani cha hiyo magazini. Ikifanya hivyo na magazini zote, angalia kidole gumba chako, uwezekano mkubwa kimelalia ile klipu ya pembeni inayoshikilia slaidi ibaki wazi. Risasi ikiingia imeinamisha pua chini na ni magazini namba 3 kila wakati, basi namba 3 haiendi mechi, hata kama uliinunua juzi.

Ganda likisimama kwa dirisha la slaidi bila kutoka, hapo kuna washukiwa watatu: ekstrakta, ile ndoano inayovuta ganda kutoka chemba, imejaa uchafu ama imelika, risasi ni dhaifu, ama mkono wako umelegea ukarudi nyuma pamoja na bastola. Njia rahisi ya kuwatenganisha ni kumpa mwenzako anayeshika kwa nguvu apige risasi hizo hizo na magazini hiyo hiyo. Kwake ikikubali mfululizo, rudi kwa mshiko wako. Ikikataa hata kwake, safisha ekstrakta, jaribu risasi za aina nyingine, kimoja kimoja.

Na kuna ile triga inalia tik na risasi hailipuki. Hapa kwa majaribio ngoja kwanza mtutu ukiwa umeelekea shabaha, usikimbilie kuitoa. Ukishaitoa angalia fataki, kile kiduara cha nyuma ya risasi ambacho pini hugonga. Alama ikiwa ya juujuu tu, pini haigongi vizuri, mara nyingi njia yake imejaa mafuta na uchafu, ama kuna mtu aliweka springi nyepesi ili triga iwe laini. Kwangu triga laini ambayo haiwashi kila risasi haina kazi kwa mechi.

Hatua ya 3: Risasi

Chagua aina moja ubaki nayo. Risasi ni ghali na najua mtu huchukua zile zimepatikana dukani, lakini ukichanganya leo greini 115 kesho 124 (greini ni kipimo cha uzito wa kichwa cha risasi) utaona pale risasi zinapogonga panahama na utafikiri ni wewe. Kwa daraja la SSP, lile la bastola za kawaida za kiwandani, kiwango cha chini cha nguvu ya risasi ni 125,000, unazidisha uzito wa kichwa cha risasi kwa greini na mwendo kwa futi kwa sekunde, kwa mfano 124 mara 1,050 inakupa 130,200, uko salama bila kujiumiza na mrusho mkubwa, yaani bastola kurusha mkono ikilipuka.

Kabla ya mechi fungua bastola, toa mtutu, na risasi zote utakazobeba uziingize moja moja kwa chemba ya ule mtutu. Nzuri inaanguka ndani kwa uzito wake na sauti ya tok, na ukiugeuza mtutu inatoka yenyewe. Ile inayosita weka kando. Hii kazi haimalizi nusu saa na inakuokolea steji nzima, yaani kituo kizima cha mechi.

Hatua ya 4: Usafi, springi na skrubu

Usafi sitaongea mengi. Matone machache kwa reli za slaidi na pale mtutu unaposugua, basi, ukiona mafuta yanatiririka umezidisha. Springi kubwa ya slaidi ina umri wake kwa idadi ya risasi, soma kitabu cha bastola yako, na kaunta buku ndio itakuambia umefika ama bado. Usingoje ianze kukwama.

Saiti za kulengea na doti, ile saiti ya betri yenye nukta ya mwanga, ndio watu husahau. Skrubu za doti zifungwe kwa nguvu ile mtengenezaji amesema, na gundi ya skrubu ya bluu, halafu chora mstari mwembamba wa rangi ya kucha kutoka kwa skrubu mpaka kwa mwili wa doti. Huo mstari ukivunjika unajua skrubu imezunguka. Chora mwingine kutoka kwa saiti ya nyuma mpaka kwa slaidi. Betri ibadilishe kwa tarehe, usingoje ikufie.

Hatua ya 5: Kipimo cha kuamua

Hii ndio hatua ninayoipenda zaidi. Weka shabaha mita 15. Kaa chini, egemeza mikono kwa mfuko wa mchanga, piga risasi tano polepole bila kurekebisha katikati, halafu rudia kwa karatasi nyingine. Kisha simama upige tano tano vile vile kwa mkono wako.

Ukiona kwa mfuko zimekusanyika pamoja lakini ziko pembeni, hiyo ni saiti, sogeza ile ya nyuma kuelekea upande unaotaka risasi ziende. Zikiwa zimetawanyika hata kwa mfuko, rudi kwa risasi na skrubu, na umpe mpigaji mzuri ajaribu. Zikiwa zimekusanyika kwa mfuko na zimetawanyika ukisimama, chuma kiko sawa, sasa tunaenda kwa mkono na hakuna haja ya kununua kitu.

Hatua ya 6: Mkono

Kwanza hesabu kidogo. Glock 17 ina kama milimita 165 kati ya saiti ya mbele na ya nyuma. Saiti ya mbele ikihama milimita moja tu pembeni kwa ule mwanya wa nyuma, kwa mita 15 risasi imehama kama sentimita 9, na lile duara la kifua kutoka katikati mpaka ukingo ni sentimita 10. Lakini mikono yako yote ikiyumba pamoja sentimita moja na saiti zikiwa bado zimelingana, risasi inahama sentimita moja tu. Kwa hivyo usipigane na kule kutetemeka kidogo, kila mtu anatetemeka. Kinachokumaliza ni kile kidole kinachopinda bastola wakati triga inavunjika.

Mshiko: mkono wa nguvu uwe juu kabisa nyuma ya bastola, mkono wa pili ujaze ile nafasi iliyobaki kwa kipini bila mwanya, na huo wa pili ndio ushike kwa nguvu zaidi ili kidole cha triga kiwe huru. Muhimu kuliko yote ni nguvu iwe ile ile kutoka risasi ya kwanza mpaka ya mwisho. Wengi hushika sana kwa ya kwanza halafu wanalegea, na mashimo kwa karatasi yanaonyesha.

Sasa zoezi. Mwombe mwenzako akujazie magazini achanganye risasi bandia mbili tatu katikati, usijue ziko wapi. Kuna dada mmoja ninayemsaidia, anapiga mkono wa kulia na risasi zake zilikuwa zinaenda chini kushoto, na alikuwa ameshaambiwa anunue saiti mpya. Tulipofika kwa risasi bandia triga ikalia tik, na mtutu ukainama chini kama vidole viwili, peke yake, bila mlipuko wowote. Aliona kwa macho yake, na hapo hakuna wa kumweleza zaidi. Mwili wake ulikuwa unasukuma bastola mbele kuungoja mrusho. Dawa ni kurudi mita 5, kuminya triga bila kujipangia ni lini italia, na kuendelea kuangalia saiti ya mbele hata baada ya mlipuko mpaka useme ile risasi imeenda wapi kabla ya kuangalia karatasi. Ukisema "hiyo imeenda kulia juu" na kweli iko kulia juu, umeanza kuona.

Nyumbani fanya kavu, yaani kuminya triga bila risasi, na masharti yale ya mwanzo, chumba kisicho na risasi na ukuta ambao hakuna mtu nyuma yake. Dakika kumi kila jioni zinashinda saa mbili mara moja kwa mwezi. Weka ganda tupu juu ya saiti ya mbele uminye triga, likianguka rudia. Usiweke taima mpaka liache kuanguka.

Hatua ya 7: Taima na mechi

Taima ikiingia, anza na muda wa raha, ule ambao risasi zote zinabaki kwa duara, uandike, halafu upunguze kidogo kidogo. Zikianza kutoka nje rudi nyuma kidogo ukae hapo. Na usibadilishe chochote wiki ya mechi, si risasi, si saiti, si holsta. Beba zile magazini zilizofaulu tu, na kitambaa cha kuzipangusa baada ya kila steji ukiokota kwa udongo.

Risasi ikikataa ukiwa kwa steji, gonga chini ya magazini, vuta slaidi mpaka mwisho, endelea. Ikikataa tena toa magazini, safisha chemba, weka nyingine. Fanya hii nyumbani na risasi bandia mpaka mikono ijue yenyewe. Lakini kuna hali moja ambayo haugongi wala hauvuti. Ukisikia mlipuko umekuwa mdogo, pfu badala ya pa, ama mrusho umepotea, simama hapo hapo, toa kidole kwa triga, mtutu ubaki mbele, umwambie afisa wa usalama. Huenda kichwa cha risasi kimebaki ndani ya mtutu, na ukipiga nyingine nyuma yake mtutu unaweza kupasuka mkononi. Mpaka mtutu utolewe na muone mwanga upande wa pili, hiyo steji imeisha.