Somo: Umeme wa mziki wa nyumbani, anza ukutani kabla hujanunua pawa kebo

Wakuu salaam. Kila baada ya muda mtu anatupia picha ya pawa kebo (waya wa kupeleka umeme kutoka soketi mpaka kwenye chombo) nene kama bomba, imevikwa wavu wa nailoni, pini zinang'aa rangi ya dhahabu, na swali ni lile lile: nikiiweka kwenye amplifaya, mziki utakuwa safi zaidi? Nijibu kwa hesabu kwanza, kisha tuingie kazini.

Kebo ya kawaida ya mita 1.5, yenye nyaya za shaba za milimita 1 ya mraba, ina ukinzani wa kama omu 0.06 kwenda na kurudi. Amplifaya ikivuta ampea 2, yaani karibu wati 460, na hapo jirani ameshaanza kugonga ukuta, kebo hiyo inakula volti 0.12 tu. Wakati huo huo soketi yako inaweza kuwa imeshuka volti 20 tangu mchana. Ndiyo maana hapa tunaanzia ukutani, na kebo inakuja mwisho. Nazungumzia nyumba za Bongo, volti 230 na hezi 50. Wa Kenya mna 240, mengine ni yale yale.

HATUA YA 1: PIMA

Hii ndiyo hatua ambayo watu wengi wanairuka, na ndiyo yenye faida kuliko zote. Tafuta multimeta, iweke kwenye volti za AC, alama ya 600 au 750. Kama huna uzoefu wa kuingiza ncha za mita kwenye soketi yenye umeme, nunua ile mita ndogo ya kuchomeka ukutani inayoonyesha volti kwa namba. Usipime saa nane mchana ukaridhika. Pima kati ya saa moja na saa nne usiku, mtaa mzima ukiwa umewasha pasi, majiko na TV.

Kwa nini volti zina maana? Amplifaya nyingi za zamani, zile nzito zenye transfoma kubwa, hazina kitu cha kusawazisha umeme wa ndani. Volti ya ukutani ikishuka, na ya ndani inashuka kwa kiwango hicho hicho, na nguvu ya sauti inapungua kwa mraba wake. Kutoka 230 mpaka 190, amplifaya ya wati 100 inabaki na kama wati 68 kabla haijaanza kukwaruza. Bezi inalegea, wewe unalaumu spika. Amplifaya nyepesi za kisasa zilizoandikwa nyuma 100-240V haziathiriki hivyo, kwa hiyo kama yako ni ya aina hiyo, hatua hii kwako ni ya kujua tu.

Sasa jaribio la pili. Ukiwa unaangalia mita kwenye soketi ya mziki, mwambie mtu achomeke pasi ya wati 2000 kwenye laini hiyo hiyo, yaani soketi nyingine ya breka ile ile. Volti zikishuka 3 au 5, sawa. Zikishuka 12 au 15, kuna kiungo kimelegea au waya mwembamba mahali fulani. Rudia jaribio, pasi ibaki pale pale, lakini wewe pima soketi iliyo kwenye laini nyingine, karibu na boksi la breka. Nayo ikishuka vile vile, tatizo liko kwenye mita ya umeme ya nyumba au nguzo, hilo ni la TANESCO, na usiguse kitu chenye lakiri. Isiposhuka, tatizo ni la nyumba yako.

HATUA YA 2: FUNGUA SOKETI

Zima meni swichi, siyo breka peke yake, kisha hakikisha kwa mita kwamba hakuna umeme. Fungua skrubu mbili za soketi, ivute taratibu. Angalia pale waya unapoingia kwenye shaba ya soketi: plastiki ikiwa imegeuka kahawia, au ganda la waya limekakamaa na kupasuka, hapo palikuwa panachemka. Kata sehemu iliyoungua, menya upya, kaza skrubu mpaka waya usicheze hata ukiuvuta kwa nguvu. Soketi iliyoungua usiikarabati, weka mpya. Na zile soketi za kila aina ya plagi hazishiki pini vizuri. Mimi sizitaki nyuma ya mziki.

HATUA YA 3: LAINI YA PEKE YAKE

Kama una nafasi kwenye boksi la breka, vuta laini moja moja kwa moja mpaka sebuleni: waya wa milimita 2.5 za mraba, breka ya ampea 20, isichangie na friji wala pampu ya maji. Hutasikia gitaa limebadilika. Utakachosikia ni kwamba ule mlio wa "tak" kwenye spika kila friji inapojiwasha umepungua au umekwisha. Kazi hii mpe fundi mwenye leseni ya EWURA, mamlaka inayosimamia nishati na maji, na akiwa hapo mwambie aweke RCD (swichi inayokata umeme ukivuja kwenda ardhini) ya miliampea 30 kama haipo.

HATUA YA 4: ETHI

Nyumba nyingi zina tundu la ethi (waya wa usalama unaokwenda ardhini) kwenye soketi lakini ukifuata waya unakuta umeishia hewani. Pima kati ya waya wa moto na ethi: ukipata karibu sawa na moto kwa nyutro (waya wa kurudisha umeme), angalau ipo. Ubora wake haupimwi kwa multimeta, fundi anatakiwa aje na mita ya ethi. Kwetu Pwani mchanga ukikauka ukinzani wa ardhi unapanda, kwa hiyo nondo fupi iliyochomekwa kiangazi haitoshi. Izamishwe mpaka kwenye unyevu, au ziwekwe mbili zilizoachana. Kumwaga chumvi kunasaidia kwa muda, kisha chumvi inaila nondo.

HATUA YA 5: KINGA

Weka kizuia mshtuko wa radi kwenye boksi la breka. Stebilaiza, yaani kifaa cha kusawazisha volti, nunua tu kama vipimo vya usiku vimekuonyesha unaihitaji. Ya motaa inasogeza volti polepole bila kelele. Ya rilei (swichi ndogo za sumaku) inaruka hatua kwa hatua na kila mruko unaweza kuusikia. Jumlisha wati za vyombo vyote, kisha chukua yenye uwezo wa mara mbili.

HATUA YA 6: KEBO YENYEWE

Nyaya tatu, milimita 1.25 au 1.5 za mraba, plagi ya pini tatu yenye fyuzi ya kweli. Kwangua uzi mmoja kwa kisu: ukiwa mweupe ndani, hiyo ni aluminiamu iliyopakwa shaba, rudisha dukani. Kahawia ni moto, bluu ni nyutro, kijani na njano ni ethi. Basi.

MASWALI YA WANACHAMA

Mbagala: Mkuu, sabufa yangu inavuma "mmmm" nikichomeka tu kingamuzi. Nimeambiwa nikate pini ya ethi.

Jibu: Usikate. Siku waya wa moto ukigusa bodi (ganda la chuma) ya amplifaya, ethi hiyo ndiyo inayoangusha breka. Bila hiyo, njia ya umeme ni wewe. Fungua waya wa dishi nyuma ya kingamuzi. Mvumo ukikatika, chanzo kimepatikana: ethi inaingia kwa njia mbili, ya ukutani na ya dishi. Kwanza chomeka kingamuzi, TV na amplifaya kwenye ekstensheni moja. Mvumo ukibaki, peleka sauti kwa waya wa mwanga (optical) kama vyombo vyote vina tundu lake, au weka kitransfoma cha kutenganisha kwenye nyaya za sauti.

Mwanza: Shikamoo fundi. Nimepata amplifaya ya mtumba kutoka Japani, nyuma imeandikwa AC 100V. Transfoma ya 110 ninayo tayari, inafaa?

Jibu: Marahaba. Haifai sana. Transfoma ya 220 kwa 110 inagawa kwa mbili, kwa hiyo ukutani kukiwa na 240 wewe unaipa amplifaya 120 badala ya 100, asilimia 20 zaidi. Transfoma ya ndani itapata moto na kapasita zitakaa juu ya kiwango chake. Tafuta ya kutoa 100, au mpe fundi aizungushe upya hiyo uliyonayo. Maandishi ya 50/60Hz yasikudanganye, hayo ni ya hezi, hayahusiani na volti.

Kigoma: Natumia sola na inveta. Amplifaya inanguruma yenyewe kwenye bodi, hata spika nikizichomoa.

Jibu: Hiyo ni transfoma inalalamika. Inveta yako ni ya mawimbi ya ngazi, siyo mawimbi laini. Hakuna kebo wala filta ya dukani itakayoliondoa hilo. Badilisha inveta.

Tegeta: Jana taa za chumbani ziliwaka kali sana, za sebuleni zikafifia, mziki ukazima wenyewe. Nyumba ni ya fezi tatu.

Jibu: Zima meni swichi sasa hivi, uwapigie TANESCO dharura. Hiyo ni dalili ya nyutro iliyoachia, na baadhi ya soketi zinaweza kukaribia volti 400. Usiwashe chochote kujaribu. Wakishamaliza, pima kila soketi kabla ya kurudisha vyombo.

Unguja: Mimi kebo nene nimeshanunua, bei yake siitaji. Niirudishe?

Jibu: Kwangua kwanza. Ikiwa ni shaba na plagi ina fyuzi, itumie tu, haina madhara. Ila kebo nzito inaning'inia na kuilegeza plagi, hasa nyuma ya amplifaya, kwa hiyo ifunge kwenye mguu wa meza isivute. Na kwa hewa ya bahari ya huko, kila baada ya miezi michache chomoa, futa pini zenye ukijani kwa kitambaa kikavu, urudishe.