Indiketa inawaka mbio mbio baada ya kuweka LED? Fanya hivi
Usianze kung'oa waya, balbu haijaungua. Ile ya zamani ni wati 21 na LED inakula umeme kidogo sana, so flasha (kile kifaa kinachowasha na kuzima indiketa) inadhani balbu imekufa ndo maana inapiga haraka. Kama gari lako lina flasha ya kuchomoa, weka ya LED yenye pini zinazofanana, mi naona hii ndo njia safi kabisa. Kama indiketa inaendeshwa na kompyuta ya gari, funga rezista (kipande kinachokula umeme kama balbu ya zamani) ya om 6 wati 50 sambamba na kila balbu, yaani waya mmoja kwenye chanya ya balbu na mwingine kwenye hasi, na tafadhali ikaze kwenye bodi la chuma, inachemka mpaka inayeyusha plastiki! LED haiwaki kabisa? Igeuze kwanza, labda chanya na hasi zimepishana.