Shokapu na springi za Toyota IST au Vitz kwa barabara za Tanga
Anza kukagua bushi (mipira ya maungio) za kontroli am, yaani mikono inayoshika gurudumu, boljointi (viungo vya mpira wa chuma) na linki za stabilaiza, fimbo inayozuia gari kulala kwenye kona. Zikiwa zimekufa, hata shokapu ghali haitaondoa mlio wa kugonga.

Kwa anayekwenda sana barabara za vumbi, springi ziinue gari milimita 20 hadi 30, basi. Ukizidisha, sivijointi (viungo vya ekseli zinazozungusha magurudumu) zinafanya kazi zikiwa zimepinda na zinakufa mapema. Springi za kushusha gari tusizikaribishe kabisa: kila tuta litakwangua bampa.

Shokapu nunua jozi, kushoto na kulia. Chagua zenye rangi nzito isiyobanduka, maana chumvi ya bahari hula chuma.

Boliti za bushi zikazwe magurudumu yakiwa yamebeba uzito wa gari. Zikikazwa gari likiwa juu ya jeki, mpira hujisokota ukachanika. Kisha fanya alaimenti, yaani kunyoosha mwelekeo wa magurudumu.