Samsung A05 au Redmi 13C: nilivyomchagulia mama mdogo simu ya laki tatu na nusu

Mama mdogo wangu ni mama lishe, anapika Tandika, Dar es Salaam. Asubuhi moja ya Machi 2024 alinifuata kibandani, akaniwekea mezani simu yake iliyofungwa raba bendi ili mfuniko usidondoke, akasema, "Baba, hii imeshiba. Nikitumiwa picha inaniambia nafasi hakuna." Mkononi alikuwa na laki tatu na nusu, humo humo kava na protekta, na kikaratasi alichoandikiwa na binti yake: Samsung Galaxy A05, Redmi 13C. Nimchagulie moja.

Natengeneza simu mwaka wa kumi na moja sasa, na nakiri kwamba fundi si mshauri mzuri wa kununua. Sisi simu tunazijua kwa magonjwa yake. Ukiniuliza simu gani nzuri, nitakutajia ile ambayo kioo chake kinapatikana kirahisi Kariakoo. Kwa hiyo siku ile nilijilazimisha kufuata utaratibu, na tangu hapo ndio ninaowapa wote wanaokuja na majina mawili kwenye kikaratasi.

Chukua daftari, piga mstari katikati ya ukurasa. Kushoto andika sifa za simu ya kwanza, kulia za pili, betri ikitazamana na betri, kamera na kamera. Ukimaliza, kata kila kinachofanana. Kikate hata kama kimeandikwa kwa maandishi makubwa kwenye boksi. Hapa ndipo wengi wanapokwama, maana muuzaji anakusifia kamera ya 50MP mpaka unasahau kwamba simu ya pembeni yake nayo ina 50MP.

Kwa simu hizi mbili kalamu ilikata karibu ukurasa mzima. Zote zilitoka mwishoni mwa 2023 zikiwa na Android 13. Betri, 5000 mAh kwa 5000 mAh. Kamera kuu 50MP, ya mbele 8MP, kote kote. Kioo ni pikseli 720 kwa 1600 kwa zote, na kwa macho ukubwa ni ule ule. Zote ni za 4G, hakuna yenye 5G. Zote zina tundu la earphone, nafasi ya laini mbili na ya memori kadi. Halafu kubwa kuliko yote: prosesa ni ile ile, MediaTek Helio G85. Nikamwambia, mama, hizi ni daladala mbili zenye injini moja, zimepakwa rangi tofauti tu. Mtu akikwambia hii ina spidi kuliko ile, mwache aongee, wewe angalia mengine.

Yaliyobaki yalikuwa sita. Kioo cha Redmi kinajichora mara 90 kwa sekunde, cha Samsung mara 60. Kamera ndogo ya nyuma ni 2MP kwa zote, ila moja ni ya kupiga vitu kwa karibu sana na nyingine ni ya kusaidia kufifisha mandhari. Hizo nilizikata papo hapo, ni mapambo. Samsung inakubali chaji ya wati 25, Redmi wati 18. Redmi ina sehemu ya alama ya kidole ubavuni, A05 haina kabisa. Samsung waliitangazia A05 miaka minne ya masasisho ya usalama, na kwa Redmi sikuona ahadi ndefu hivyo. La mwisho ni hifadhi ya ndani ukilinganisha na bei, nitalirudia.

Sasa unakata mara ya pili, na safari hii unaangalia siku ya mwenye simu. Kata kila ambacho mkono wake hautakigusa. Usimuulize anataka nini, atakwambia anataka simu nzuri. Muulize jana aliitumia kufanya nini.

Ya mama mdogo ilikuwa hivi. Alfajiri anapiga picha za samaki na ndizi anaziweka WhatsApp. Saa nne zinaanza kuingia oda za vijana wa viwandani Chang'ombe. Mchana anapokea malipo kwa simu. Jioni kuna kikundi cha vikoba na cha kwaya, na hao wa kwaya wanatuma video za mazoezi nzima nzima, dakika nane, kumi. Hachezi gemu. Basi 90 kwa 60 nikaikata, ingawa mimi mwenyewe ningeilipia. Nikishazoea kioo kinachoteleza, kingine naona kama kinavuta mguu.

Alama ya kidole ndiyo iliyonichekesha. Binti yake alikuwa ameipigia mstari mara mbili kwenye kikaratasi. Lakini mimi nakumbuka mwisho wa 2019, wakati wa kusajili laini kwa alama za vidole, kabla ya zile nyingine kuzimwa kuanzia Januari 20, 2020. Mama mdogo alikaa kwa wakala karibu saa nzima. Kidole gumba, kimya. Cha shahada, kimya. Miaka ya kumenya ndizi zenye utomvu, kukuna nazi na kugeuza chapati kwenye chuma cha moto imemlainisha vidole, mistari imefifia. Wapishi, mafundi ujenzi na wanaofua kwa mikono wote wana tatizo hili. Kama unamnunulia mtu wa namna hiyo, usimwongezee hela kwa ajili ya alama ya kidole kabla hajajaribu dukani. Nikaiwekea alama ya kuuliza.

Masasisho je? Kwanza jua kwamba miaka hiyo inahesabiwa tangu simu ilipotoka, haingoji siku utakayoinunua. A05 ilianza kuhesabiwa Oktoba 2023. Ukiinunua mwaka mmoja baadaye, umenunua mitatu. Mtu anayefungua programu za benki kwenye simu yake, namwambia asiache miaka hiyo impite. Ila mama mdogo pesa anaihamisha kwa menyu ya M-Pesa, *150*00#, na huo ni mtandao na laini, programu ya simu haihusiki. WhatsApp nayo wakati ule ilikuwa bado inakubali hata Android 5, sembuse 13. Pointi ya Samsung ilibaki, lakini nyepesi.

Hivyo daftari lote lilirudi kwenye kile alichokisema mwenyewe alipoweka simu mezani: imeshiba.

Tukaenda mtaa wa Aggrey. Ukifika Kariakoo na kikaratasi, winga, yaani dalali wa mtaani, atakusomea kikaratasi kabla hujafika dukani, kwa hiyo kiweke mfukoni. Duka la kwanza walituletea "Redmi 13C RAM nane" kwa bei ya kutia tamaa. Niliposoma ubavuni mwa boksi, RAM, yaani kumbukumbu ambayo simu inafanyia kazi, ni 4GB. Hiyo nane ni 4+4, na nne ya pili imeazimwa kutoka kwenye hifadhi ya ndani, ambayo ni polepole kuliko RAM yenyewe na inakupunguzia nafasi ya picha. Samsung nao wana kitu hicho hicho, wanakiita RAM Plus. Kwenye daftari andika namba ya kwanza tu, hiyo ya kuazima usiiandike.

Duka la pili walikuja na A05s wakasema ni A05, "s ni rangi tu". S siyo rangi. A05s ni simu nyingine: prosesa yake ni Snapdragon 680, kioo ni pikseli 1080, na ina alama ya kidole. Hapo tungepunjwa kwa faida yetu, sawa, ila bei waliyotaja ilikuwa ya A05s. Hata Redmi kuna 13C na kuna 13C 5G, na injini ni tofauti. Soma jina lote mpaka herufi ya mwisho.

Duka la tatu ndipo tulipokaa. A05 ya 4GB na hifadhi ya 64 ilikuwa 290,000. Ya 128, 340,000. Redmi 13C ya 4GB na 128, 320,000. Ukitazama haraka, ile ya 290 inakuita. Tukaomba tufunguliwe maboksi. La Samsung lilikuwa na waya wa chaji bila kichwa; la Redmi lilikuwa na kichwa chake. Kichwa cha maana, kinachofikia hizo wati 25, walitaka 30,000. Basi ile 290 ni 320, na ile 340 ni 370, na sisi tuna 350 yenye kava na protekta ndani. Jumlisha vyote mpaka simu iweze kulala kwenye chaji usiku wa kwanza, ndipo ulinganishe bei.

Kuna atakayesema nunua ya 64 uweke memori kadi. Memori kadi itabeba nyimbo na picha ulizohamisha. WhatsApp na vyote inavyopokea vinakaa hifadhi ya ndani, na mfumo wa simu wenyewe umeshachukua sehemu yake kabla hujaiwasha. Kwaya ile ingeijaza 64 kabla ya Pasaka ya mwaka unaofuata.

Tukachukua Redmi. Mwanafunzi wa chuo mwenye programu ya benki na kichwa cha chaji nyumbani tayari, angekuja na kikaratasi hicho hicho ningempa A05 ya 128 bila kufikiri sana.

Kabla ya kutoa hela, fanya haya ukiwa bado umesimama dukani. Piga *#06#, zitatokea namba za IMEI, yaani za utambulisho wa simu, zilinganishe na za kwenye boksi tarakimu kwa tarakimu, kisha itume moja kwa meseji kwenda 15090 ya mamlaka ya mawasiliano, TCRA, usubiri jibu la simu hiyo ni ipi. Waliozimiwa simu feki Juni 2016 hawahitaji kuambiwa hili mara mbili. Kwenye Samsung bonyeza *#0*#, kwenye Redmi *#*#6484#*#*, utapata ukurasa wa majaribio: rangi nyekundu, kijani na bluu zikijaa kioo kizima, tafuta doa. Weka laini yako, mpigie mtu, weka simu sikioni uone kama kioo kinazima. Toka nayo nje juani uone kama kioo kinasomeka, au kama hawakuruhusu, sogea mlangoni. Dai risiti ya EFD, ile ya mashine ya kodi, yenye IMEI. Mwaka fulani nilinunua simu duka moja bila risiti, na nilipoirudisha baada ya siku nne yule kijana aliniuliza kama tunafahamiana.

Tulipofika Tandika nikamwekea namba ya siri, nikaanza kufunga. Akasema, "Na kidole?" Tukajaribu gumba la kulia, ikagoma. La kushoto, ikagoma. Kitufe cha Redmi kiko ubavu wa kulia, ukishika simu kwa mkono wa kushoto vidole vya kati vinaangukia pale pale. Nikamwambia aweke cha pete, mkono wa kushoto, kile ambacho hakimenyi wala hakikuni. Ikasoma mara ya kwanza. Akaifunga, akaifungua, akaifunga tena, mara saba nadhani, huku maharage yanaungua.